Ampli Haijawahi Kujifunza Wimbo

Kwenye vibanda vya kuchajia simu hapa Kenani, kituo cha wakimbizi wa Kongo wilayani Nchelenge, Zambia, ambako paneli ya sola hulisha rundo la simu na spika moja isiyopumzika, kuna hukumu inayotolewa na watu wasiotarajia kupingwa: gitaa ni ampli, mpigaji ni nyongeza tu. Ukitaka mlio wa Franco wa Kongo, tafuta ampli aliyokuwa nayo Franco. Ukitaka mlio wa Zamrock, ile roki ya Zambia, tafuta kile kisanduku cha kukwaruza sauti. Kama huna vyote viwili, usijisumbue hata kununua nyuzi. Kijana mmoja anayepiga solo katika kwaya aliniambia kwa heshima zote, "Papa, gita bila ampli ni mbao tu." Wenzake wakaitikia kama waumini waliosikia andiko likisomwa.

Sikumcheka, maana neno hilo hakulibuni yeye. Nimelisikia kwa Wakongo waliokuja huku kutoka Pweto na Moba, nimelisikia kwa Wazambia wa Nchelenge na Kashikishi, na wapenzi wa gitaa wa Ulaya na Marekani wameligeuza kuwa elimu kamili. Wako wanaozijua namba za valvu kuliko majina ya waimbaji.

Dai lenyewe, likielezwa kwa haki, lina miguu mitatu. Wa kwanza ni kwamba mlio hutengenezwa na mashine. Uzi unatikisika, sumaku iliyo chini yake inaugeuza mtikisiko kuwa umeme, na kuanzia hapo kazi yote ni ya valvu, transista na spika. Jimi Hendrix bila ampli ya Marshall na bila kisanduku cha Fuzz Face, wanasema, ni mtu mwenye gitaa la Stratocaster na nywele nzuri. Mguu wa pili ni athari: mtindo wetu wote ulikuja kwa meli. Mwenda wa Bayeke, mpiga gitaa wa Katanga, aliwasikiliza wachunga ng'ombe wa Marekani kwenye santuri, vijana wa Zambia wakamsikiliza Hendrix na Black Sabbath, na sisi ni mwangwi wao. Mguu wa tatu ndio wenye huruma. Wazee walipiga gitaa kavu kwa sababu ya umaskini. Wangepata vifaa wangevikimbilia, na ushahidi ni kwamba Franco na mwenzake wa rumba, Dokta Nico, walivikimbilia.

Kila mguu una ukweli ndani yake, na ndiyo sababu dai limesimama miaka yote hii.

1. Jadotville, 1952

Mwaka 1952 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka kusini na kati ya Afrika akinasa muziki, alimkuta Jean-Bosco Mwenda, huyo Mwenda wa Bayeke, huko Jadotville, Katanga, mji tunaouita leo Likasi. Mwenda alizaliwa 1930 Bunkeya, kwenye makao ya mfalme Msiri na Wayeke wake, kwa hiyo alikuwa kijana wa miaka ishirini na ushee. Tracey alikuwa na mazoea ya kushika maikrofoni kwa mkono wake mwenyewe na kuisogeza pale alipotaka sikio la msikilizaji liende. Gitaa lilikuwa kavu. Kati ya nyimbo zilizonaswa ilikuwemo "Masanga", na santuri ile ikavuka mipaka ambayo wenye santuri wenyewe hawakuwahi kuivuka.

Wapenda ampli wanapoisikiliza hunyamaza kidogo, kisha husema, "Mzee alikuwa na mlio." Naam, alikuwa nao. Aliutoa wapi?

Sikilizeni mkono wa kulia. Gumba limeshika nyuzi nene na linatembea na besi bila kusimama. Kidole cha shahada kimechukua nyuzi nyembamba na kinaimba juu ya besi hiyo. Vidole ni hivyo viwili. Vitatu vilivyobaki havina kazi. Mpigaji aliyefunzwa kwa mtindo wa Kihispania angeigawa kazi ya juu kwa vidole vitatu, kila kimoja na uzito wake na pembe yake. Mwenda aliibebesha kidole kimoja, kwa hiyo kila noti ya juu inapigwa kutoka upande uleule, kwa nguvu inayofanana, na inajipenyeza katikati ya mapigo ya gumba. Ule ukali ulionyooka tunaoutambua tangu sekunde za mwanzo unatokana na mgawanyo huo wa kazi. Chukua gitaa lolote kavu, sogeza mkono kuelekea daraja, mlio unakauka na kuchoma. Urudishe juu ya tundu, unanenepa. Vitufe vya Mwenda vilikuwa hivyo, vimepangwa kwenye shibiri moja ya mbao, na havikuhitaji betri.

David Rycroft alikaa na santuri hizo akaandika kwa nota kile vidole vile vilichokifanya, na makala zake zikatoka kwenye jarida la African Music mwaka 1961 na 1962. Msomi aliyetaka kujua siri ya Mwenda alihesabu noti na mapigo. Leo anayetaka kujua siri hiyohiyo anauliza gitaa lilikuwa la kampuni gani.

Mtanijibu kwamba nimejichagulia mfano rahisi, kwa kuwa gitaa kavu halina ampli na hivyo haliwezi kushtakiwa. Haya, twende kwenye umeme.

2. Stoo ya mwajiri

Kwa miaka mingi baada ya uhuru, bendi kubwa za Tanzania zilikuwa mali ya taasisi: chama cha wafanyakazi, jeshi, polisi, shirika la umma. NUTA Jazz ilizaliwa 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na vyombo vilikuwa vya mwajiri. Gitaa, ampli na spika vilikuwa mali ya ofisi sawa na meza na viti. Ukihama, unaviacha.

Na watu walihama. Mwaka 1978 Mlimani Park ilipoundwa, ilimchukua mwimbaji Muhiddin Maalim Gurumo na mpiga gitaa Abel Balthazar kutoka bendi ileile ya wafanyakazi. Kwa hesabu ya wapenda ampli, Balthazar alitoka pale mikono mitupu, na mlio wake ukafungiwa stoo pamoja na spika. Mashabiki wa Sikinde, kama Mlimani Park inavyoitwa, watashangaa kusikia hivyo. Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima akawachota wanamuziki kutoka Mlimani, Gurumo na Balthazar wakiwemo, akawaweka katika Orchestra Safari Sound. Kisima hakuwa mshairi, alikuwa mtu wa biashara. Vyombo alikuwa navyo tayari. Kama mlio ungekuwa ndani ya vyombo, asingekuwa na sababu ya kuwafuata watu na kuwapandishia mshahara.

Mwingine ni Ndala Kasheba, mtoto wa Katanga aliyefanya makazi yake Dar es Salaam hadi alipofariki 2004. Alitambulika kwa gitaa la nyuzi kumi na mbili. Angalieni tofauti yake ilianzia wapi: kwenye nyuzi, kabla umeme haujagusa chochote. Ndivyo ilivyo pia kwa ufundi ambao Wakongo wanauita mi-composé. Unautoa uzi wa nne, unaweka badala yake uzi mwembamba uliokazwa oktavu moja juu, na gitaa zima linabadilika tabia. Ule ung'avu unaopita katikati ya solo na rithimu kwenye rumba, ambao watu huutafuta kwa kuzungusha vitufe mpaka spika inapiga mluzi, unapatikana kwa bei ya uzi mmoja. Nimewaeleza hili vijana zaidi ya mara moja. Wananiangalia kwa mashaka, maana dawa isiyo ghali huonekana si dawa.

3. Mkwaruzo

Hapa ndipo wanaponisubiri, na wana haki. Fazi, kile kisanduku cha kukwaruza sauti, ni mashine, hilo silibishi. Mlio wa Paul Ngozi na kundi lake la Ngozi Family katika "Day of Judgment" ya 1976 hautoki kwenye kidole peke yake. Unahitaji saketi inayokata vilele vya mawimbi ya umeme mpaka sauti ipasuke. Bila kisanduku hicho, Zamrock ingesikika tofauti.

Swali wasilojiuliza ni nani aliyeamua kwamba mpasuko huo ni mtamu. Mashine haikuamua. Kwa mhandisi wa sauti wa miaka ya 1950 kule kupasuka kulikuwa ubovu, tena ubovu wa kuombea radhi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 huko Nashville meza ya kurekodia iliharibika wakati wa wimbo wa Marty Robbins, gitaa la besi likatoka likikoroma, na wenye masikio wakasema liachwe vivyo hivyo. Mwaka 1964 London, Dave Davies wa The Kinks aliichana spika ya ampli yake kwa wembe ili ikorome. Vile visanduku vya fazi vilivyouzwa madukani vilikuja kuiga ajali na uharibifu ambao sikio la mtu lilikuwa limekwisha kuupenda.

Na sikio la Zambia? Walozi wa magharibi mwa nchi hii wana silimba, marimba yenye vibuyu chini ya kila ubao. Kibuyu hutobolewa, tundu likazibwa kwa utando mwembamba, kwa jadi utando wa buibui, ili noti isitoke safi bali itoke na mnguruno juu yake. Mafundi wa kalimba, sehemu nyingi za ukanda huu, hufunga makombe au vipande vya bati kwenye ubao kwa sababu hiyohiyo. Huku Luapula, banjo za muziki wa kalindula zinachongwa kwa mbao na madebe, zikavikwa waya wa breki za baiskeli, na hakuna aliyezitaka zilie kama kinanda cha kanisa kuu. Sisemi kwamba Paul Ngozi alikaa chini ya mpiga silimba akajifunza. Ninachosema ni kwamba mkwaruzo ulipofika umeunganishwa kwenye waya, ulikuta nyumba yenye kiti chake tayari. Kule Kinshasa Mingiedi Mawangu wa kundi la Konono No. 1 alizipa likembe, yaani kalimba za Kongo, umeme kwa sumaku zilizotolewa kwenye vyuma chakavu vya magari, na zilipokoroma hakuzitengeneza. Aliuacha mkoromo uwe sehemu ya muziki.

Kisha kuna bendi ya Zamrock ya Amanaz, na hawa peke yao wangetosha kufunga kesi. Albamu yao "Africa" ya 1975 ilichanganywa mara mbili. Toleo moja ni kavu, magitaa yako karibu na uso wako; la pili limemwagiwa mwangwi mpaka magitaa yanasikika kama yanapigwa ndani ya pango. Wimbo ni uleule, mikono ileile, ampli ileile. Kilichobadilika ni uamuzi wa mtu kwenye meza ya kuchanganya, baada ya mpiga gitaa kumaliza kazi yake. Sasa mpenda ampli anayesikia toleo la mwangwi ataapa kwamba gitaa lilipitishwa kwenye ampli yenye springi ya mwangwi, atataja na aina yake. Atakuwa anaisifu sufuria kwa utamu wa samaki, na sufuria yenyewe si hiyo.

Kuna aliyewahi kunijibu kwamba Amanaz wananiumbua mimi: mashine imebadilisha sauti, basi mashine ndiyo mlio. Lakini sikilizeni matoleo yote mawili mfululizo. Kwa namna fulani mnajua kwamba anayepiga ni mtu yuleyule. Anachelewa kidogo palepale, anakaza palepale, anauvuta uzi kwa pupa ileile. Kile mnachoendelea kukitambua baada ya mashine kubadilika ndicho mlio wake. Kilichobaki ni nguo.

4. Mwangwi wa nani

Mazungumzo ya athari yana ufisadi wake, maana yanatumia mizani miwili.

Emanuel Chanda, mwimbaji wa bendi ya Zamrock ya WITCH, alijiita Jagari, kwa kumtania au kumtukuza Mick Jagger. Hapo watu huishia: mnaona, mwigaji, hata jina kaazima. Lakini bendi ya Jagger yenyewe ilichukua jina lake kwenye wimbo wa Muddy Waters, mtu mweusi wa Mississippi, ikajenga miaka yake ya mwanzo juu ya muziki wa watu kama yeye. Mwingereza akimchukua Muddy Waters tunaambiwa ameathiriwa. Mzambia akimchukua Mwingereza tunaambiwa ameiga. Sijawahi kuona kanuni iliyoandikwa inayotofautisha vitenzi hivi viwili, ila naona kwamba pasipoti inahusika.

Na hiyo Marshall inayosujudiwa? Mwaka 1962 Jim Marshall na mafundi wa duka lake London walichukua ampli ya Kimarekani, Fender Bassman, wakaifuata saketi yake karibu waya kwa waya, wakaitengeneza kwa vipuri vilivyopatikana Uingereza, na kile kilichotofautiana kwa sababu ya vipuri kikawa sifa. Hadithi hii haina tofauti na ya banjo ya debe. Mmoja ameitwa mwanzilishi na mwingine ameitwa maskini.

Tukirudi Katanga: ni kweli kwamba santuri za wachunga ng'ombe, za gitaa la Hawaii na za Kuba zilifika. Zilifika pia sehemu nyingine nyingi za dunia. Kama santuri ya Jimmie Rodgers ingetosha kuzaa "Masanga", kila bandari yenye gramafoni ingekuwa na Mwenda wake. Kilichokuwepo Katanga ni makambi ya Union Minière na miji ya shaba iliyowakusanya watu kutoka Kasai, Ruanda-Urundi, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, kila mmoja na ngoma yake na likembe yake. Mpiga likembe hucheza kwa magumba mawili yanayopishana, moja likijibu lilipoacha jingine. Mpeni mtu aliyekulia kwenye kupishana huko gitaa lenye nyuzi sita na msimfundishe kitu. Mwangalieni atakavyogawa kazi kati ya gumba na kidole cha shahada.

Kisha athari ikaondoka Katanga kwenda kwingine, jambo ambalo wataalamu wa mwangwi hulipita haraka. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alikwenda Nairobi, akapiga redioni, na akatangaza dawa ya Aspro kwa gitaa. Edouard Masengo naye alikwenda Nairobi, akawa sauti ya Coca-Cola. Vijana wa Kenya walioshika magitaa kavu miaka ile walikuwa wakiwaangalia Wakatanga hawa vidole. Mwaka 1969 Mwenda alipanda jukwaa la tamasha la Newport, Marekani, nchi ambayo eti ndiyo mama wa yote aliyoyajua.

Kuhusu Zamrock nitasema moja tu. Rais Kaunda aliagiza asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Zambia. Wanaodai Zamrock ni ya Hendrix waeleze kwa nini ilistawi pale redio ilipopunguziwa Hendrix.

5. Spika ya ukubwa wa ukucha

Hili ni fupi. Mabishano yote haya kuhusu valvu za Uingereza na za Marekani, kuhusu joto la mlio na unene wa besi, hapa kwetu hufanyika kwa kusikiliza simu. Nyimbo zimenakiliwa kutoka kadi hadi kadi, zimebanwa ili zienee, na zinatoka kwenye spika yenye ukubwa wa ukucha ambayo haina uwezo wa kutoa besi yoyote. Santuri nyingi za Zamrock zilizorudishwa sokoni na kampuni za Ulaya na Marekani, mfano zile za WITCH zilizotolewa na Now-Again mwaka 2012, zimetoka kwa watu wanaotafuta kanda za asili na nakala zisizochakaa, na hata hao wanakiri ugumu. Sisi tunatoa hukumu ya ampli kwenye nakala ya nakala. Na bado tunamtambua mpigaji! Hilo pekee lilipaswa kumaliza ubishi, kwa sababu simu ile imekwisha kuchuja kila kilichotoka kwenye ampli na imeshindwa kuchuja kilichotoka mkononi.

6. Huruma yenye riba

Umebaki mguu wa tatu, ule wa umaskini, na huu ndio unaonikera kwa kuwa umevaa joho la wema.

Ndiyo, Franco alikimbilia umeme, na Nico vilevile. Walipiga kwenye baa za wazi za Kinshasa zenye tarumbeta, ngoma na mamia ya watu wanaocheza na kubishana. Ampli iliwapa nguvu ya kusikika. Hilo ni jambo kubwa na silidharau, lakini kusikika ni jambo moja na kuwa na cha kusikiwa ni jambo lingine. Franco alianza utotoni kwa gitaa la kopo lenye nyuzi za waya uliochunwa, akipiga karibu na meza ya mama yake sokoni ili wateja wasogee. Ampli ilipomkuta, mkono ulikuwa umekwisha kukomaa. Hakuna aliyemwambia mtoto yule asubiri.

Leo tunawaambia vijana wetu wasubiri. Ndiyo gharama ya kwanza ya imani hii, na haimo kwenye risiti yoyote. Kijana mwenye vidole vinavyowasha anaambiwa kwamba alichonacho ni mbao. Anaweka gitaa kwenye ukuta, anakwenda kuuza dagaa wa chisense na kubeba mizigo mpaka atakapopata kifaa, na miaka ile ambayo vidole hujifunza kwa urahisi inapita akiwa sokoni.

Gharama ya pili huonekana kwenye kamati za kwaya. Michango inakusanywa, linanunuliwa bafle kubwa na mikisa yenye vitufe visivyotumika, na jenereta linalotafuna petroli. Zinapokuja kuulizwa nyuzi, fedha zimekwisha. Nimewahi kusikia bafle la thamani likipaza kwa uaminifu mkubwa gitaa ambalo uzi wake wa pili ulikatika miezi kadhaa nyuma na wa tatu umefungwa fundo. Kilichosikika nje hadi barabarani kilikuwa lile fundo. Kisha jenereta likiugua kwaya nzima inakaa kimya, kwa kuwa hakuna aliyejifunza kupiga kwa namna ya kusikika bila hilo. Baadhi wamekwenda hatua ya mbele zaidi, wamenunua kinanda chenye midundo na magitaa yaliyowekwa ndani tayari, na mpiga gitaa amekuwa mtu wa kusukuma spika kutoka stoo.

Ya tatu ni nani anayerithi sifa. Mlio ukiwa wa mashine, jina linalobaki ni la kiwanda. Wako vijana hapa Nchelenge wanaoweza kukutajia Marshall, Fender na Vox lakini hawajasikia jina la Losta Abelo, aliyepiga na kuimba kwa Kiswahili cha Katanga, ng'ambo tu ya Ziwa Mweru. Mwenda mwenyewe alifariki 1990 kwa ajali ya gari, humuhumu Zambia. Muulizeni mtu yeyote kwenye kibanda cha kuchajia simu ni nani aliyefia nchini mwao.

Na ya nne ni wazee. Kenani ilipofunguliwa 2017 na Mantapala mwaka uliofuata, waliokimbia vita hawakuja na watoto na masufuria pekee. Watu waliokulia Pweto, Kasenga na Likasi wakati santuri za Masengo na Abelo zikipigwa kila mahali walikuja na kile walichojifunza kwa kuangalia vidole vya wengine. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Mwingereza John Low alisafiri hadi Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, akakaa na Mwenda, Masengo na Abelo, akajifunza nyimbo zao na kuandika kitabu kilichotoka 1982. Alisafiri mbali hivyo kwa ajili ya mkono wa kulia. Vijana wetu wamewekewa mikono ya aina hiyo umbali wa kutembea kwa mguu, bila nauli wala viza, na tumewafundisha kwamba hakuna cha kuangalia pale kwa kuwa mzee hana ampli.

Najua jibu litakalokuja: mbele ya waumini mia tano gitaa kavu halisikiki. Ni kweli, nunueni bafle. Lakini nyuzi zinunuliwe kwanza, seti mbili, na petroli iwe ya mwisho kwenye orodha. Na ambaye bado anaamini kwamba gitaa bila ampli ni mbao afanye jaribio mbele ya watu. Amweke upande mmoja mpigaji wa vidole viwili mwenye gitaa kavu, upande wa pili mwenye ampli mpya na vitufe vyake vyote, waanze wimbo mmoja pamoja. Katikati ya ubeti wa pili, mtu azime jenereta.